Siku ya Tatu ya Bi Hafsa

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleykum, na hamjambo nyote huko mliko. Walioko Waa wakimenya mihogo, walioko Ukunda madukani, na nyinyi wa Vanga ambao barabara yenu huwachosha kuliko safari yenyewe. Sogeeni karibu na redio.

Leo studio imejaa. Viti vimekwisha. Nassir amesimama mlangoni kama askari, dada yake Hanifa amekaa ubavuni mwangu, na majirani watatu wameingia kwa hodi moja. Nimewaambia wakae. Marehemu tunayemkumbuka alipenda hivi hivi, nyumba ijae mpaka mtu aombe njia ya kwenda kunywa maji.

Tunamkumbuka Bi Hafsa Mbwana wa Mvindeni, Ukunda. Amefariki Ijumaa ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu. Amezikwa Msambweni, alikozaliwa, na watoto wake ndio hawa, Nassir na Hanifa. Bi Hafsa Mbwana, wasikilizaji, wa Mvindeni.

Kama jina hulijui, basi nyumba unaijua. Ile yenye baraza ndefu na milango minne ya buluu. Mtu wa bara akifika Diani na mfuko mwembamba, akapita hoteli ya kwanza akaulizia bei, akapita ya pili akaona aibu hata kuuliza, askari wa getini alikuwa akimwonyesha kwa kidevu tu: "Nenda kwa Bi Hafsa." Na mtu akaenda.

Alikuwa na vyumba vitatu vya wageni. Kitanda, chandarua, ndoo ya maji, basi. Lakini kabla hujafungua begi umeshapewa chai, na kabla hujamaliza chai umeshafunzwa Diani. Ufukweni pita njia ya umma, ile iliyobanwa na kuta mbili za hoteli, wala usimwombe mtu ruhusa. Ngoja maji yapwe, utembee kwa miguu yako mpaka kwenye fungu la mchanga, mashua ya nini? Samaki mnunue pale wanaposhushwa, umlete, utapikiwa. Ukipanda tuktuk anza na shikamoo au salama, bei itashuka yenyewe. Na mkate usiuache dirishani, tumbili hawalipi.

"Bahari haina geti," alikuwa akisema. "Geti ni la hoteli."

Basi nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja. Mnaijua methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine wetu huisema tukicheka. Bi Hafsa aliifanya kazi. Siku mbili wewe ni mgeni, hugusi hata kijiko. Siku ya tatu unapewa jembe lako. Huyu anafagia baraza, yule anachambua mchele, mwingine anachota maji. Na siku hiyo ya tatu hulipii chakula, kwa sababu mtu wa nyumbani halipi kula kwao. Hanifa ananiambia wageni walikuwa wakiingojea siku hiyo kuliko bahari.

Sasa niwape kisa cha mbuzi. Najua Mvindeni nzima inakijua, lakini kisa kizuri hakiishi utamu.

Miaka minane iliyopita alikuja kijana mmoja kutoka Kibwezi, Musyoki, fundi wa kuezeka mabati, na mkewe Ndulu. Walikuwa wameoana karibuni. Ndulu hakutaka pete kubwa wala keki. Alitaka aione bahari kabla hajaanza kuzaa. Walikuwa na siku nne na pesa za siku mbili. Wakaangukia kwa Bi Hafsa.

Siku ya pili jioni, Bi Hafsa akamwambia Musyoki, "Mwanangu, kesho ndiyo siku yako ya tatu. Mbuzi inakungoja."

Mpwani yeyote hapo ameshaelewa. Mbuzi akiwa mnyama, anakungoja. Mbuzi ikiwa ya kukunia nazi, kile kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno, inakungoja. Bi Hafsa alisema sawasawa. Lakini Musyoki kwao mbuzi inakula, mbuzi inalia, mbuzi inakimbia na kamba. Akasikia nyama choma.

Usiku ule akakataa wali. Akamnong'oneza mkewe, "Usishibe. Hawa watu wanatuchinjia."

Asubuhi ametoka uani amekunja mikono ya shati, kisu kidogo mkononi, tayari kusaidia kuchuna. "Mama, mbuzi iko wapi?"

"Si hiyo mbele yako."

"Wapi?"

"Hiyo hapo. Kaa juu yake."

Musyoki akatazama kile kigoda. Akatazama nazi mbili zilizopasuliwa. Ndulu alipoelewa alikaa chini mchangani kwa kucheka. Bi Hafsa alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, akawa anasema, "Ya Rabi, mtoto wa watu amelala na njaa!" Musyoki akaikalia mbuzi. Akakuna nazi zote mbili, vidole vikamtoka damu, wakala wali wa nazi na papa. Tangu siku hiyo hakuwa mgeni tena. Akawa mtoto.

Siku ya kuondoka, Ndulu alimshika Bi Hafsa mkono. Akamwambia, "Mama, wewe unakaribisha kila mtu. Wewe nani anakukaribisha?"

Wasikilizaji wapendwa, hilo swali lilimwingia Bi Hafsa likakaa. Hanifa anasema mamake alirudi jikoni akasimama tu, mwiko mkononi. Kwa sababu ilikuwa kweli. Alizaliwa Msambweni, akaolewa Ukunda. Wageni wa Kitui, wa Kisumu, wa Nyeri wamelala kwake, na yeye hajawahi kulala kwa mtu. Hajawahi kula chakula ambacho hajui nani amekitia chumvi. Hajawahi kuambiwa, wewe kaa, usiguse.

"Nami nataka siku zangu tatu," akaanza kusema. "Mbili za ugeni, na moja ya jembe." Aliitaka hasa ile ya tatu. Kila Ndulu akipiga simu, ahadi ilikuwa hiyo: njoo Kibwezi. Na kila mwaka nyumba ilimshika. Agosti shule zimefungwa, wageni. Desemba, ndiyo usiseme. Pasaka, wageni. Begi lake dogo la kijani lilikuwa juu ya kabati, na Hanifa alikuwa akimwona analipangusa vumbi, anajidai anatafuta kitu.

Miaka saba, wasikilizaji. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, Bi Hafsa Mbwana akasafiri.

Alipanda treni kwa mara ya kwanza maishani. Kapu la nazi sita miguuni, begi la kijani mapajani, na hakukubali kuliweka juu, eti lisije likashuka kabla yake. Kufika stesheni, Musyoki na Ndulu na watoto wawili wamepanga mstari kama wanapokea waziri.

Ndulu tumempata kwa simu, amesimulia mwenyewe. "Alimaliza kula akanyanyuka na sahani. Nikamnyang'anya. Nikamwambia, mama, leo wewe ni mgeni, kaa. Akakaa. Lakini mikono haijui pa kwenda! Anaiweka hapa, anaiweka pale. Usiku tukampa muthokoi. Akaula wote, ile mahindi na maharagwe, kisha akaniuliza polepole, na nazi mnaitia saa ngapi?"

Siku ya pili, baada ya alasiri, Bi Hafsa alikuwa amekaa uani anamtazama Musyoki akichonga mpini. Jembe dogo, jepesi, la mkono wa mwanamke.

"Hilo la nani, mwanangu?"

"La mgeni mmoja hivi. Kesho ni siku yake ya tatu. Kuna mstari mmoja wa pojo shambani unamngoja."

Ndulu anasema Bi Hafsa alifunika uso na mtandio, na mabega yakawa yanatikisika, na hata leo hajui kama ilikuwa kicheko au kilio.

Simu ikalia wakati huo huo.

Alikuwa Hanifa. Wageni wanane wamefika Mvindeni. Vyumba walivyokuwa wameahidiwa kwingine vimepewa watu wengine, na mmoja wao ni mja mzito, amevimba miguu. Wamejaa barazani. "Mama, nifanye nini?"

Hanifa, sema mwenyewe.

"Mimi nilijua la kufanya. Nimekua na kazi hiyo. Niliogopa tu. Nilipiga ili anipe moyo, aseme, weka maji jikoni. Yeye akasema, naja."

Ndulu alimwomba. Musyoki alimwomba. "Mama, ni usiku mmoja tu. Kesho ndiyo siku ya tatu." Lakini Bi Hafsa alikuwa ameshavaa buibui. Mtu amekaa barazani kwake na miguu imevimba, yeye atalimaje pojo za watu? Akapanda basi jioni ile ile. Mlangoni mwa basi akageuka, akalitazama lile jembe ambalo Musyoki alikuwa amelishika bado, hata mpini haujalainishwa.

"Niwekeeni," akasema.

Basi tangu hapo, wasikilizaji, neno lake lilikuwa hilo. Ukimkuta anapepeta mchele: "Bi Hafsa, hujambo?" "Sijambo, lakini nina siku yangu iko Kibwezi." Akiulizwa na wageni ameshatembea wapi, anasema, "Kibwezi, siku mbili. Ya tatu nimewekewa." Watu wa Mvindeni tukafanya utani. Mtu akiwekewa nafasi kwenye foleni ya maji, anasema ni siku yake ya tatu.

Mwezi wa pili akataka kwenda, presha ikampanda. Mwezi wa nne akataka, nyumba ikajaa. Mwezi wa tano akalala, akaamka, akalala tena. Nassir anasema wiki ile ya mwisho hakuuliza habari za wageni hata mara moja. Jambo hilo ndilo lililowatisha. Alimwuliza Hanifa kitu kimoja tu, akiwa ameelekea ukutani.

"Kibwezi mvua imenyesha?"

"Imenyesha, mama."

"Basi watakuwa wanapalilia."

Ijumaa asubuhi Bi Hafsa Mbwana akatutoka. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Matanga yaliwekwa Mvindeni siku tatu, kama kawaida yetu, na siku ya tatu ndiyo ya hitima. Musyoki na Ndulu walifika siku hiyo asubuhi, juu ya lori la vitunguu, pamoja na beberu mmoja mweupe aliyesafiri vizuri kuliko wao. Nassir akamchukua kwenda kumchinja. Jikoni wanawake wameelemewa, nazi arobaini zimepasuliwa, wakunaji ni wachache. Musyoki hakumwuliza mtu. Alikunja mikono ya shati, akapita katikati ya akina mama, akavuta kigoda akakaa.

Mzee mmoja wa msikitini akamwambia, "Baba, wewe mgeni, keti barazani na wanaume."

Musyoki hakuinua macho. "Mzee, mbuzi mmoja alikuwa ananingoja nimlete, nimemleta. Na mbuzi moja ilikuwa inaningoja niikalie. Mama alinifundisha tofauti."

Bibi mmoja akacheka, akalia, na wote wakamfuata.

Ndulu akafungua khanga aliyokuwa ameibeba. Ndani mlikuwa na jembe. Dogo, jepesi, mpini umelainishwa. Halijaguswa na udongo. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wao wa jikoni miezi yote hiyo. Akampa Hanifa. "Alituambia tumwekee. Sasa sijui tulipeleke wapi."

Hanifa alilishika. Akalipima mkononi, akaona linamtosha. Kisha akalirudisha kwenye khanga, akafunga fundo.

"Rudini nalo," akasema. "Mlitundike pale pale. Mvua za vuli zikianza nitakuja. Nyumba nitamwachia Nassir, na wageni wakija, Nassir anajua kuchemsha maji. Zile siku mbili mama alishazikaa. Mimi mnipokee moja kwa moja siku ya tatu."

Nassir hapo mlangoni ameitikia kwa kichwa. Nimemwona, na majirani mmemwona. Hakuna kukana.

Kwa Hanifa na Nassir, kwa ukoo wote wa mzee Mbwana, Msambweni na Ukunda, na kwa nyumba ya Musyoki kule Kibwezi ambao ni wafiwa kama wafiwa wengine, poleni. Poleni sana. Mola amkaribishe Bi Hafsa kama alivyokaribisha waja Wake, bila geti, na asiwe mgeni huko aliko.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjanyanyuka, kila mmoja ajiulize. Ni wapi ulipomwambia mtu "niwekee"? Pana mlango mahali, na nyuma yake kitu chako kimetundikwa. Mwenye nyumba akipita hukitazama, halafu hutazama njia.