Kobe, Dereva Aliyekataa Kukiri Kosa la Treni

Historia hii, hasa sehemu ya kazi, ilisimuliwa kwanza na shemeji wa marehemu, dereva mstaafu ambaye wengi mnamjua kwa jina la Chapuchapu, Jumapili ya tarehe 14 Juni 2009, sebuleni kwa marehemu mwenyewe, naye marehemu akimkatiza kila alipoongeza chumvi, kwa hiyo haya mtakayoyasikia yalikwisha kupepetwa na mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Februari 1957, mtoto wa nne wa fundi viatu na mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, na tarehe 1 Agosti 1977 akaajiriwa na shirika la mabasi akiwa konda. Mwaka 1984 alikabidhiwa basi, mwanamke wa kwanza katika gereji ile, na mafundi walipomwuliza kama miguu yake inafika kwenye breki, aliwaambia wapande wajionee. Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982 na mchomeleaji wa gereji hiyo hiyo, kaka yake Chapuchapu, wakajaliwa watoto watatu, muuguzi, fundi umeme na mwalimu, na wajukuu watano.

Mwaka 1996 shirika lilitunga sheria kwamba dereva atakayechelewa kurudi stendi ya mjini akatwe mshahara, na sababu isiulizwe, mvua ikikata barabara akatwe, treni ya mizigo ikifunga njia akatwe. Marehemu aliendesha njia ya hospitali, ambayo hukatwa na reli karibu na mwisho wake, na geti la reli lilifungwa na kufunguliwa na watu wa treni, si na dereva wa basi. Wenzake wakapata ujanja, wakawa wanakatisha ruti, yaani wanashusha abiria kabla ya geti na kugeuza, na kwa kuwa mkaguzi hakuondoka stendi, aliona mabasi yanarudi kwa wakati akafurahi, huku wagonjwa wakivuka reli kwa miguu, mmoja akiwa mjamzito aliyeshikilia kiuno kwa mkono mmoja na beseni kwa mkono mwingine. Marehemu alimwona, akamsimamishia basi, akamfikisha, na tangu siku hiyo akaapa hatageuza kabla ya mlango wa hospitali. Alikatwa mshahara mwezi baada ya mwezi, nyumba ikaegemea mkono wa mumewe, wenzake wakambandika jina la Kobe, naye akaliitikia.

Tarehe 11 Machi 1997 aliitwa ofisini kwa meneja, na Chapuchapu naye akaitwa, awe mfano wa dereva anayewahi. Meneja akasema, "Mama, njia ni hiyo hiyo, geti ni hilo hilo, mbona mwenzako anafika?" Neno moja tu lingemsafisha marehemu, na neno hilo hilo lingemfukuzisha kazi shemeji yake, ambaye wakati huo alikuwa anatazama viatu vyake. Marehemu akajibu, "Bwana meneja, nimeitwa kujibu la basi langu. Geti silifungi mimi, treni siiendeshi mimi, kosa la treni sitalikiri." Akaambiwa akiri uzembe ifikapo Ijumaa au arudishe funguo za basi, naye akasema, "Mmenikata mwaka mzima bila kuniuliza, sasa mnataka na ahsante?" akatoka.

Jioni Chapuchapu alimfuata nyumbani, akamkuta anachambua mchele, akauliza, "Shemeji, kwa nini hukunitaja?" Marehemu hakuinua macho, akasema, "Kukutaja si kazi yangu. Kazi yako ni kufika hospitali."

Kesho yake geti lilifungwa kama kawaida, marehemu akazima injini, na nyuma yake likaja basi la Chapuchapu, ambalo safari hii halikugeuza, na nyuma yake lingine, na lingine, kwa kuwa Chapuchapu alikuwa amewapitia madereva nyumbani kwao mmoja mmoja, mpaka foleni ikagusa soko, na stendini mkaguzi akakosa wa kumsifu. Meneja akaja mwenyewe kwa gari lake dogo, likakwama nyuma ya basi la mwisho, treni inapita behewa kwa behewa bila haraka, ndipo Chapuchapu akamwendea dirishani akamwambia, "Karibu, meneja, nawe leo umechelewa." Abiria walicheka, meneja hakucheka, lakini Ijumaa ilipofika hakuna aliyeombwa funguo, na mwezi uliofuata faini ya geti ilifutwa. Faini ya mvua na ya barabara mbovu ipo hadi leo, na marehemu aliipinga katika kila mkutano wa chama cha wafanyakazi, mpaka alipostaafu tarehe 2 Februari 2017.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara tatu, na tarehe 6 Septemba 2023 asubuhi, mbele ya wanawe wote, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika na kulala nasi msibani, na madereva ambao mabasi yao yamesimama hapo nje wakijua watakatwa. Shirika limetuletea rambirambi, tunashukuru, ila limeomba tusome kwamba marehemu alikuwa mtumishi aliyejirekebisha, na hilo hatutalisoma, kwa sababu hakuwa na cha kurekebisha.

Mumewe alitangulia mwaka 2015, meneja naye ametangulia, na katika madereva wa foleni ile wamebaki wawili tu, mmoja mgonjwa kwake, mwingine ni Chapuchapu, aliyeketi hapa mbele. Pumzika kwa amani, mama yetu, kosa la treni hukulikiri, nasi hatutalikiri kwa niaba yako.