Maisha ya Mama Zamu, Aliyetupangia Kukaa na Wagonjwa

Wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wenzake na jamaa mliotoka mbali, aliyepata kiti akae, aliyekosa aegemee ukuta, haya ni maisha ya mama yangu mkubwa, nimekabidhiwa na bibi, mama yake mzazi, niyasome kama yalivyo, nisiruke mstari hata nikiona haya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha kota za reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi wa karakana ya mabehewa na mkewe. Alikuja miguu mbele, akamsumbua mama yake siku mbili nzima, na mama yake anasema baada ya hapo hakusumbua tena mtu yeyote, na hilo ndilo lililomponza.

Alianza darasa la kwanza Januari 1971 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kota, akamaliza darasa la saba Novemba 1977, akafaulu, jina lake likabandikwa ukutani la nne kutoka juu. Lakini mwezi huohuo baba yake aliangukiwa na gurudumu la behewa, akawa mtu wa kitandani, na kwa kuwa mama alishinda akipika kwenye mgahawa wa stesheni, marehemu ndiye aliyeachwa nyumbani amgeuze baba, amwoshe na kumlisha. Aliyeamua hivyo ni mama yake, na hatafuti wa kumsingizia. Kwa miaka miwili marafiki wa baba, waliokuwa wakila kwake kila mwisho wa mwezi, walipita dirishani, wakauliza kwa sauti kubwa, "Mzee hajambo?" kisha wakaendelea na safari zao bila kungoja jibu, hadi baba alipofariki tarehe 2 Desemba 1979.

Tarehe 3 Machi 1984 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kule chini karibu na tanuri, penye mvuke wa kutosha kumpika mtu, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, mpaka alipostaafu tarehe 31 Agosti 2018. Huko alijifunza kusoma mashuka kama wengine wanavyosoma magazeti. Shuka la mgonjwa anayetembelewa lilishuka na madoa ya uji, chai na maji ya chungwa, na upande mmoja wa ukingo umekunjamana pale mgeni alipokalia, lakini la yule asiye na mtu lilishuka na jasho tupu, ukingo umenyooka kama lilivyotandikwa. Wenzake walifurahia mashuka ya namna hiyo kwa kuwa ni mepesi kufua, yeye aliyaweka pembeni na kuyafua mwenyewe, akisema hayo ndiyo machafu kuliko yote.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1986 na dereva wa lori, mtu wa maneno matamu na mashati yaliyopigwa pasi na wengine, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 20 Aprili 1988, ambaye leo ni mwalimu mji mwingine, na kijana aliyezaliwa tarehe 7 Oktoba 1991, ambaye ni fundi umeme huko migodini. Mume aliondoka tarehe 9 Mei 1998, akasema anapeleka mzigo na atarudi Jumapili, na mzigo huo inaonekana bado haujafika. Kama yupo hapa leo, familia inamwomba akae nyuma.

Sasa tunafika kwenye zamu, ambazo ndizo zilizompa jina, kwa maana wengi wenu hamkumjua kwa jingine. Tarehe 11 Julai 1993, katika nyumba ya pembeni ya mtaa wetu, mzee mmoja mseja alikutwa sakafuni, ameugua siku tano, na katika nyumba zetu kumi na tisa hakuna aliyekuwa amegonga kwake, kila mmoja alidhani mwenzake amegonga. Marehemu alirudi kutoka mazishini akapita mlango kwa mlango akiwa bado na kanga ya msiba, akatangaza utaratibu wake. Akiugua mtu, kila siku saa kumi jioni nyumba moja itatoa mtu wa kwenda kukaa naye, atakalia kigoda na si kitanda, hatasimulia magonjwa yake mwenyewe, hatauliza kama mgonjwa amekula bali atampikia, na ataondoka kabla ya kumchosha. Zamu zote hizo alizipanga kichwani, hakuandika popote, na hakuwahi kukosea.

Mlilalamika, msijifanye mmesahau. Fundi viatu wetu alikuwa akisema, "Ukimwona Mama Zamu anakuja, jilaze haraka, jifanye unaumwa wewe!" na mtaa mzima ukacheka, marehemu pia, kisha akamwambia, "Haya amka, shemeji, zamu yako ni kesho, na ukaoge." Alikwenda. Wote mlikwenda, kwa miaka karibu thelathini, na hakuna mgonjwa wa mtaa huu aliyetazama dari peke yake.

Tarehe 2 Februari 2023 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, madaktari wakasema moyo umepanuka, wakamlaza wiki mbili, na tarehe 17 Februari wakamrudisha nyumbani na vidonge vya aina nne. Alitelemshwa kwenye teksi mchana kweupe, mbele ya macho ya mtaa, wengine mkapunga mikono. Kuanzia siku iliyofuata, kila ikikaribia saa kumi, alimwomba mama yake amwinue kwa mito, amchane nywele, amfunge kitambaa kisafi na kuweka kigoda karibu na kitanda, na chupa ya chai ikajazwa. Mama yake, mwenye miaka themanini na miwili na jicho moja linaloona, alifanya hivyo, kisha wakakaa wawili wakisikiliza mlango.

Wiki ya pili mama yake alichoka, akasema atakwenda kuwaita. Marehemu alimshika mkono akamkatalia kabisa, "Hapana mama, usiwaite. Miaka yote hii nimewagongea mimi. Nikiwagongea na leo, nitajuaje kama kuna kilichowaingia?" Hicho tu ndicho alichotaka kukijua kabla hajafa, kwamba yupo hata mmoja atakayekuja bila kutumwa.

Wiki ya tano mama yake alivunja katazo hilo, akajikokota na fimbo hadi kwa fundi viatu. Fundi alisimama kwa heshima, akamfutia kiti, akasema, "Bibi, sisi tuko tayari kabisa, tunasubiri atupitie tu atwambie zamu imeanzia nyumba gani. Tusije tukamvurugia utaratibu wake."

"Atakupitia na miguu ipi, we baba?" mama yake akamuuliza.

Fundi akajikuna, akaahidi kuwaambia wenzake, na kweli aliwaambia, lakini kila aliyeambiwa aliuliza kwanza zamu ni ya nani, na kwa kuwa aliyekuwa akilijua hilo ni mmoja tu, na huyo ndiye mgonjwa, mkarudi kukaa. Hamkumchukia, hilo familia inalijua. Mlikuwa mnamngoja. Watoto wake nao walipiga simu kila Jumapili, akawajibu hajambo, majirani wapo, na wao wakaamini, maana nani asiyejua mtaa wa mama yao?

Tarehe 12 Aprili, saa kumi na robo, mlango uligongwa, na marehemu akajinyoosha kitandani kama bibi harusi. Aliyegonga alikuwa msoma mita za maji. Alikalia kigoda dakika chache ajaze fomu zake, akanywa kikombe cha chai, akasema, "Pole, mama, naona leo hujisikii," kisha akaenda zake, na marehemu akamzungumzia huyo mtu siku tatu.

Jumanne ya tarehe 2 Mei, saa kumi ilipokaribia, mama yake alileta kitana na kitambaa. Marehemu akageuza uso, akasema, "Mama, ondoa hicho kigoda, utajikwaa." Akafariki Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa, siku ya sabini na sita tangu aletwe nyumbani, chumbani akiwa na mama yake peke yake. Ameacha mama, mdogo wake mmoja, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa kusema ukweli mapema, wafanyakazi wa chumba cha kufulia kwa mashuka yaliyomfunika, yaliyofuliwa kwa mkono bila kuombwa, na msoma mita, popote alipo. Inawashukuru majirani kwa turubai, viti na sufuria, na kwa kufika mapema, nyumba zote kumi na tisa, bila kukosekana hata moja, baada ya kutangaziwa. Mama yake anasema anasikia huko nyuma mnanong'onezana kwamba mtakuwa mnapita kumjulia hali, naye amesema nisome hivi: yeye hana ustaarabu wa mwanawe, hamjaribu mtu yeyote, akiumwa atafungua dirisha na kupiga kelele mpaka mtaa wa pili, atawataja mmoja mmoja kwa yale mnayoyaficha, na atakayedai hakusikia atapigiwa tena.

Na maneno ya mwisho ni ya bibi mwenyewe: Lala sasa, mwanangu, amani iwe kwako. Jibu ulilotaka hukulipata, na mimi sina la kukupa.