Kabichi ya Swalehe

Kijiwe chetu kipo Kibiti mjini, mbele ya duka la viungo la Mama Jena. Asubuhi ile tulikuwa watatu na birika la kahawa: mimi, Mashaka tunayemwita Profesa, na Bashiru Tochi, fundi simu. Swalehe akaja wa mwisho, akakaa bila kusalimia. Mkewe, Mwantum, tangu wamzike mama yake kule Ruaruke alikuwa hali chakula, anakunywa chai tu.

– Jana amekula, Swalehe akasema.

– Alhamdulillah! Amekula nini?

– Kabichi. Nimepika mwenyewe.

Bashiru nusura amwage kahawa.

– Wewe? Jikoni?

– Wifi zake wamepika pilau, wamepika samaki, anasukuma sahani. Nikamwendea Mama Jena, nikamwambia nipe kitu chepesi. Akanipa haradali na manjano. Karai lishike moto, mafuta, haradali zipasuke, kitunguu, manjano, pilipili, kabichi juu. Geuza geuza, usifunike. Mwisho ndimu. Hata chai haijachemka, imeiva.

– Na akala?

– Kwenye karai hilohilo. Halafu akalia. Tangu msiba hajalia, jana ndiyo kalia.

Profesa akakohoa.

– Hayo ni manjano. Yanasafisha damu, huzuni inatoka na jasho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Mgeni nani hapo?

– Manjano!

– Acha hizo, Profesa, Bashiru akadakia. Ni ule mlio. Haradali zikipasuka, jini aliyemkalia anadhani bunduki, anakimbilia zake Mtawanya. Ngoma ikivuma sana hupasuka!

– Labda ni pilipili tu ndiyo iliyomliza, nikasema mimi.

– Hapana, Swalehe akajibu taratibu. Pilipili nazijua.

Pembeni alikaa dada mmoja na kapu lake, ametoka Mbwera, anasubiri gari la Dar. Jina lake Sijaona.

– Shikamooni, baba zangu. Samahani, nimesikia. Huyo mama, siku zote, anapenda kula nini?

Swalehe akafungua kinywa.

– Anapenda... Mimi napenda samaki wa nazi. Na yeye hula huyohuyo.

– Yeye, baba. Sio wewe.

Swalehe akamtazama Profesa. Profesa akaanza kupuliza kahawa iliyokwisha poa. Bashiru, mwenye wake wawili, akainamia simu ya mteja. Nami nikamfikiria mke wangu, miaka yote ile, nisipate hata mboga moja anayoipenda.

Swalehe akainuka, akakung'uta kanzu.

– Unakwenda wapi? Kahawa bado ipo.

– Kumuuliza, akasema, na akavuka barabara.