Nilitangazwa Nimepona Pua Ikiwa Bado Imeziba

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu, nyinyi mlioketi na nyinyi mliosimama hapo mlangoni. Mchungaji amenipa dakika chache, na nimeshamwambia leo sitasema yale mliyozoea. Mkinisikia naongea kama mtu aliyebanwa pua, ndivyo ilivyo.

Wengi mnanijua kama Mama Njeri wa maziwa. Kwa wageni, mimi hufanya kazi kwenye kituo cha kukusanya maziwa hapa Subukia. Mkulima akileta mtungi, mimi ndiye nilikuwa nafunua kifuniko na kuinamisha pua kabla harufu haijatoroka. Kuna vipimo vingine, lakini pua hutangulia. Maziwa ya ng'ombe anayeumwa kiwele, maziwa yaliyokaa karibu na moshi, maziwa ya jana yaliyochanganywa na ya leo, yote nilikuwa nayajua kabla mwenyewe hajazima pikipiki. Wengine walininunia kwa hilo na sikujali. Kazi hiyo ndiyo imemsomesha Njeri, na nilikuwa na maringo nayo.

Halafu pua ikaziba. Miaka, ndugu zangu! Kichwa kizito, uso unauma nikiinama, kamasi haziishi. Hospitalini Nakuru wakasema nyama zimeota ndani na usaha umejaa nyuma ya mifupa ya uso, lazima nipasuliwe. Mkafunga, mkaniombea. Nikapasuliwa, nikarudi nyumbani salama, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Daktari alipotoa pamba puani alinionya. Alisema pua itaendelea kuziba kwa muda, niioshe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, nisiache, na nirudi aniangalie.

Lakini mnajua sisi. Akina mama mlikuja kwangu na unga, sukari na nyimbo. Mama Ruth, mwenyekiti wetu, akaniuliza, "Mama Njeri, uko aje?" Nikamwambia bado imeziba. Akaniwekea mkono mdomoni, kwa upendo kabisa, akasema, "Usikiri ugonjwa. Sema nimepona." Nikasema nimepona. Mkashangilia mpaka kuku wakakimbia. Jumapili iliyofuata akasimama hapa akatangaza kwamba Bwana amenifungua pua, na mimi nikapunga mkono.

Basi nikawa mtu aliyepona. Na mtu aliyepona anaosha pua ya nini? Nilikuwa najificha nyuma ya zizi na chupa yangu ya maji ya chumvi, mtu akipita nasema napiga mswaki. Mwishowe nikaacha. Meneja wa kituo, ambaye anaabudu hapa, alisikia lile tangazo akafurahi, akanirudisha kunusa mitungi. Siku ya kwenda kwa daktari nilikuta foleni ndefu. Akaniuliza haraka haraka, "Pua inaendeleaje?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Nimepona, daktari, kwa jina la Yesu." Akachungulia na tochi, hakuona damu wala usaha, akaniambia niende salama. Chekeni tu. Mimi nililia pale getini, kwa sababu nilikuwa nimetoka Subukia kwenda kumwambia kinyume cha hayo.

Msifikiri yalikuwa mambo ya kuchekesha. Nilikuwa nalala nimekaa, mdomo wazi, koo limekauka. Chakula nilikuwa nakula kwa sababu saa ya kula imefika. Nilipakata mtoto mchanga wa dada yangu, nikamweka hapa shingoni, nisisikie harufu yake. Nikamrudisha kwa mama yake.

Kituoni nilikuwa nafunua kifuniko, nainama, naitikia kwa kichwa. Nilikuwa nabahatisha. Nilikuwa namwangalia mkulima usoni badala ya kunusa maziwa yake. Siku moja nikapitisha mtungi, na mwenzangu anayemimina akakunja uso, lakini maziwa yalikuwa yameshaingia kwenye tangi. Tangi zima likaharibika. Tuliyamwaga mtaroni wakulima wakiwa wamesimama wakiangalia, na hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja aliuliza tu, "Si huyu mama aliponywa?" Meneja akanipeleka kuosha mitungi. Pale kwangu sasa anasimama mama mwingine, na kazi anaijua.

Nikaanza kumwogopa Mungu vibaya. Nikajiambia, kama watu wote wanasema nimepona na mimi sijapona, basi amewasikia wao na mimi ameniruka. Nilikuwa nakuja hapa, naimba, moyo umekufa kabisa.

Sikupata maono. Nilikuwa naosha mitungi, mvuke wa maji moto umenijaa usoni, na hata harufu ya sabuni siisikii. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Mungu, sijapona. Sijapona, na nimechoka kukudanganya." Pua haikufunguka. Lakini nililia kama mtoto anayemlilia baba yake, na ndipo nilipojua kwamba tangu nipasuliwe tulikuwa hatujaongea, mimi na yeye.

Nikarudi Nakuru, nikamwambia daktari kila kitu, hata habari ya chupa. Hakunicheka. Aliingiza kamera nyembamba akakuta nyama zimeshikana ndani wakati wa kupona. Akazitenganisha. Uchungu ule sitausimulia mbele ya watoto. Upande wa kulia umefunguka kidogo, wa kushoto bado. Nilimwuliza kama nitanusa tena. Akasema hajui, tungoje, nisiache maji ya chumvi. Siku hizi naoshea hapo mbele ya nyumba, anayepita na apite.

Mama Ruth, sijasimama kukuaibisha. Ulikuja na unga wakati wengine walikuwa wananipita njiani, na namshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini kuna mtu ameketi hapa leo, ameulizwa mlangoni "uko aje", akajibu "mzima, Bwana asifiwe", na si mzima. Wewe ndiye nimesimama kwa ajili yako. Mwambie Mungu bado. Hatishiki na neno hilo. Siahidi kwamba atakupa unachoomba, maana mimi mwenyewe sijapewa, na huenda kazi yangu isirudi. Lakini ukimwambia ukweli hakufukuzi. Hilo nimeliona mwenyewe, na kwa hilo ninamtumaini.

Najua mnangoja lile neno la mwisho ndipo mpige makofi. Siwezi kulisema. Niombeeni, ndugu zangu, bado naumwa.