Matofali ya Wendelin Ni ya Nani?

Kijiwe chetu kipo mwisho wa mji wa Mbinga, pale barabara inapoanza kushuka kwenda Mbamba Bay. Ni benchi moja refu la mbao za mlingoti, ule mkaratusi, limeegemea ukuta wa mashine ya kukoboa, nami hukaa mbele yake na jiko la mkaa, birika na vikombe. Wananiita Mama Glorious, kwa jina la mwanangu ninayembeba mgongoni. Ukikaa kwenye benchi hilo unaliona tanuru letu la matofali ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja ambacho mume wangu Wendelin alionyeshwa na baba yake mdogo, Mzee Joakim. Alionyeshwa kama wanavyoonyeshwa watu wa kwetu: mzee alitangulia, akapiga kisigino pembe nne, akasema hapa jengeni, laki nane mtaniletea mkizipata, ninyi ni damu yangu. Karatasi hatukuomba, nani anamwomba baba yake karatasi? Tulikanda udongo kiangazi kizima. Alhamisi tukachoma matofali elfu sita. Jumatatu asubuhi, tanuru likiwa bado na joto, tukasikia Mzee Joakim amekiuza kiwanja kwa mfanyabiashara mmoja wa malori, milioni nne taslimu. Na huyo wa malori akatuma mtu kusema kwamba udongo ulichimbwa kwenye kiwanja chake, kwa hiyo na matofali ni yake. Wendelin alibaki kule, amesimama mbele ya tanuru kama mlinzi asiye na rungu. Mimi nilikwenda kuuza kahawa, kwa sababu mtoto hali hasira.

Nondo alikuwa amekaa tayari. Jina lake hasa ni Tobias, fundi mwashi wa miaka ishirini na sita. Ameshajenga nyumba kumi na moja za watu, naye analala jikoni kwa mama yake. Kikombe chake hakukigusa. Wazee wawili wakafika pamoja. Mmoja ni Mzee Bernadi, tunamwita Mizani, maana alipima kahawa ya chama cha ushirika miaka ishirini, na mpaka leo hawezi kusikia neno bila kulipima. Wa pili ni Mzee Cuthbert, tunamwita Kifungu. Aliwahi kuwa mjumbe wa baraza la kata kwa muda mfupi, na tangu hapo hata chumvi haombi bila kutaja sheria.

— Shikamooni, — Nondo alisema, kwa sauti ya mtu anayerusha jiwe.

— Marahaba. Nani amekukanyaga? — Mizani akauliza.

— Muulize rafiki yako Joakim.

— Ah, hilo. — Mizani aliketi polepole. — Mjukuu, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji ameshapona, mzee. Amepona mpaka amenunua pikipiki.

Kifungu alicheka, kisha akaniangalia, akaacha. Aliinuka akahamia upande wa barabara, ili vumbi la magari limpate yeye kabla halijamfikia mtoto. Hufanya hivyo kila siku, na hajawahi kulisema.

— Tusimlaumu Joakim peke yake, — alisema Mizani. — Shida ni vijana wenyewe. Mimi nikiwa na miaka ishirini nilikuwa na nyumba. Ninyi mna simu mbili mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kipi? — Nondo aligeuka mwili mzima. — Mwaka juzi kiwanja hapa kilikuwa laki tano. Nikaweka laki mbili. Mwaka jana kikawa milioni na nusu. Lami ikashuka mpaka ziwani, sasa ni milioni nne. Mimi najaza, kibaba nacho kinakua!

— Punguza bando.

— Bando la mia tano kwa siku! Haya, naliacha leo. Nitanunua kiwanja mwaka gani? Nipimie, si wewe ndiye Mizani?

Mizani alianza kuhesabu kwa vidole, akafika mahali, akavikunja.

— Hiyo hesabu ina mapepe, punje tupu, — akasema.

— Haina mapepe. Ni miaka ishirini na mbili, kama bei italala usingizi muda wote huo. Na hapo ni kiwanja tu, mzee. Bati hujanunua. Mlango hujanunua. Na chumba cha kupanga mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wewe hiyo nyumba ya miaka ishirini ulinunua kiwanja kwa nani?

— Nilionyeshwa na marehemu baba.

— Eeh!

— Eeh nini? Ndivyo ilivyokuwa. Mgongo wa kilima ni wa ukoo, ntambo wetu, kila kijana anapewa kipande chake.

— Na wewe umemwonyesha nani?

Mizani alikunywa kahawa ambayo nilijua bado ni ya moto sana.

— Waheshimiwa, tusichanganye mafaili, — Kifungu aliingilia. — Shauri lililo mbele yetu ni matofali. Sheria inasema kilichoshikamana na ardhi kinakwenda na ardhi.

— Sheria ipi? — Nondo akauliza.

— Kifungu kipo.

— Namba ngapi?

— Namba si lazima. Swali la msingi: je, tofali limeshikamana? Halijashikamana, limepangwa tu. Kuku akilala kwenye kiwanja naye anauzwa?

— Hapo umesema, — nikajikuta nimesema mimi.

— Lakini! — Aliinua kidole. — Udongo ni wa kiwanja. Maji yalitoka mtoni, hayo ni ya serikali. Nyasi za kufunikia zilikatwa kwenye eneo la parokia. Na kuni —

— Kuni nilitoa mimi, — alisema Mizani.

Ni kweli. Alituletea trela nzima ya matawi ya milingoti, na Wendelin alipotaka kumshukuru alisema yalikuwa yanamzibia njia tu. Njia yake haikuwa imezibwa na kitu.

— Basi tofali moja lina wenyewe wanne. Huyo wa malori apewe fungu lake, udongo mtupu. Akauchambue atoe maji ya serikali na nyasi za parokia.

— Maji hayamo tena! — Mizani alikuwa ameamka sasa, macho yanang'aa kama zamani kwenye foleni ya magunia. — Tofali bichi lina kilo nne, likiiva lina tatu. Ile kilo moja imepanda juu. Mara elfu sita! Tani sita za moshi zimekwenda mbinguni. Kwa hiyo Mungu naye ana hisa.

— Hapo baraza la kata halina mamlaka, — Kifungu alikiri.

— Na moto je? — Mizani akauliza. — Moto ulikuwa wa nani?

— Wa Wendelin, — nikasema. — Kiberiti tulinunua sisi. Na mikono ilikuwa yetu. Hiyo mikono mbona hamuiweki kwenye mafungu?

Mtoto alishtuka mgongoni kwa sababu sauti yangu ilikuwa imepanda, nikampigapiga makalio. Nondo ndiye aliyenitoa aibu.

— Mwacheni achukue shimo, — alisema. — Shimo tulilochimbia udongo. Hilo ni lake halali, hatukulichoma.

Hata mimi nilicheka, na kicheko kikaniuma kifuani. Mizani alipiga paja.

— Shimo! Mbona hatukuwaza mapema? Sisi Wamatengo tunalima kwa mashimo. Ngoro kilima kizima, mvua inanyesha, udongo haukimbii. Vijana wajenge ndani ya ngoro! Ukuta ni ardhi, wewe weka paa tu. Tofali halihitajiki.

— Na mtu akifa humo? — Kifungu akauliza.

— Nusu ya kazi imeshafanyika.

Nondo alisimama. Kahawa yake ilimwagika yote kwenye mchanga.

— Mzee, nakuheshimu. Lakini unataka tuingie kaburini tukiwa hai, tuwasubiri humo?

— Natania, mjukuu.

— Mnatania kila siku! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mlituambia. Tumeinama mpaka viuno vimegoma. Huko mvunguni kuna nini? Kuna baba wadogo, wamevilalia viwanja, wanasubiri malori!

— Kama nchi kavu imejaa, — Kifungu alisema kwa upole, akijaribu kumketisha, — wajenge ziwani, juu ya nguzo. Ziwa Nyasa halina hati.

— Subiri. Watayapima hata mawimbi, waweke vigingi.

— Kwetu vigingi vimeshafika ufukweni, — ilisema sauti nyingine.

Alikuwa mama mmoja mgeni, ameshuka kwenye gari lililotoka Liuli, na kiroba cha usipa kichwani, wale dagaa wakavu wa ziwani. Alisema anasubiri gari la Songea. Mizani alisogea haraka kumpisha, akafuta benchi kwa kofia yake kabla mama hajakaa. Nilimmiminia kikombe. Akaniuliza kwa macho kuna nini, nami nikamwonyesha tanuru kwa kidevu, nikamweleza kwa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akafungua kiroba, akaniwekea konzi mbili za usipa kwenye sahani ya vikombe, akasema ni za uji wa mtoto.

Labda ni ule wema wa mgeni uliowatia wazee aibu. Kifungu alisimama, akavuta koti.

— Baraza limekaa, limesikiliza, limeamua. Matofali ni ya Wendelin. Yote elfu sita. Huyo wa malori hana chake.

— Naunga mkono! — Mizani naye alisimama. — Na tusikae kulumbana hapa. Mvumilivu hula mbivu, twendeni sasa hivi!

— Ya juu yameshapoa, — Nondo alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya fundi aliye kazini. Alishika toroli lake lililokuwa limesimama ukutani. — Tukipanga mstari, tunarushiana, mpaka jioni tumemaliza nusu.

— Mimi nitasimama barabarani kuzuia magari, — alisema Kifungu. — Mtu akija na maneno, mleteni kwangu.

— Mimi nahesabu, — alisema Mizani. — Halipotei hata moja.

Nilisikia moyo wangu unapanda. Tangu asubuhi nilikuwa nimeubana mdomo kama mtu anayebeba maji, na sasa watu watatu walikuwa wamesimama kwa ajili yetu. Nilisukuma mkaa pembeni, nikakunja kanga ikawa kata ya kichwa. Kwa mbali Wendelin alituona tumesimama. Akainua mkono.

Yule mama wa Liuli aliweka kikombe chini.

— Samahani, baba zangu. Mnayapeleka wapi?

Toroli lilikuwa limeshaanza kwenda. Lilisimama.

Mizani alimtazama Kifungu. Kifungu alitazama viatu vyake. Gari moja lilipita, tukalisubiri lipite lote, kana kwamba jibu lilikuwa nyuma yake. Halikuwa nyuma yake.

— Kwangu, — Mizani alisema mwishoni, — kahawa imefika mpaka mlangoni.

Mzee Bernadi ana eka tatu. Nimeshachuma kahawa yake, najua pale mibuni inapoishia na pale nyasi zinapoanza.

— Kile kiwanja chako karibu na kanisa, baba? — nilimuuliza Kifungu. — Kile kitupu?

— Kile... kuna mtu amekiulizia.

— Mtu gani?

— Mtu tu.

— Wa malori? — akauliza Nondo.

Kifungu alifungua mdomo. Nilingoja ataje kifungu chochote, hata cha uongo. Hakutaja. Nondo alishusha mikono ya toroli taratibu, kama anayelaza mgonjwa.

— Kwa mama yataingia kama mia mbili, — akaniambia. — Nikilala nje.

Kule ng'ambo Wendelin alikuwa bado ameinua mkono, hajui kwa nini tumesimama. Nami sikujua ishara ya kumjibu. Wazee walirudi kukaa, mmoja baada ya mwingine, na benchi likalia chini yao. Kisha Mizani, ambaye ni mtu mwema, aliyetupa kuni zake bure, akaninyooshea kikombe.

— Mama Glorious, kahawa ipo?

— Imekwisha, — nikasema.

Nikainua birika kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa zito, nikamjazia Nondo, nikamjazia yule mama wa Liuli mpaka ikafurika, mbele ya macho yao.