Elfu Moja na Tisa

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

KAKA: Mimi, dada. Kaka yako.

DADA: Makubwa! Leo umenikumbuka? Kuna msiba?

KAKA: Harusi. Mdogo wetu anaolewa kesho, sasa—

DADA: Nimesikia. Kwa watu.

KAKA: Eh... Sikiliza, salio langu dogo. Wewe si mwalimu wa hesabu? Viti vinanitoa roho! Wageni elfu moja na tisa, kila kiti kina jina, mama kaandika mwenyewe. Anataka safu zote zilingane. Hataki pengo.

DADA: Panga saba saba.

KAKA: Kinabaki kimoja.

DADA: Nane?

KAKA: Kimoja! Tisa, kimoja! Tangu asubuhi nahamisha, nikigeuka, kiti kimoja kinanitazama.

DADA: Kumi kumi je?

KAKA: Safu ya mwisho ina tisa. Mama kapiga kelele, "Watu watasema kuna mtu hakuja!"

DADA: [kalamu inakwaruza karatasi]

KAKA: Haloo? Mtandao—

DADA: Nipo. Nakagua. Kumi na tatu, hapana... kumi na saba, hapana...

KAKA: Dada, salio!

DADA: ...ishirini na tisa, thelathini na moja, hapana. Kaka, hiyo ni namba tasa. Haigawanyiki.

KAKA: Tasa? Neno hilo nilitamke hapa, mbele ya bibi harusi?

DADA: Basi panga safu moja.

KAKA: Itoke getini, ipite kwa kinyozi, ifike gereji? Una wazimu!

DADA: Punguza mmoja.

KAKA: Mama hafuti jina la mtu.

DADA: Langu alilifuta.

KAKA: [mikwaruzo] ...Na tukiongeza mmoja?

DADA: Elfu moja na kumi. Kumi kumi, safu mia na moja. Inakubali.

KAKA: Basi njoo wewe! Mama! Nimepata mtu wa—

DADA: Usimwambie ni mimi!

KAKA: Nimeshamwambia.

DADA: Anasemaje?

KAKA: Amekaa. Kwenye kile kiti kimoja.

DADA: Kaka, siji bila mume wangu.

KAKA: We! Si ndiye huyo huyo mama aliyekukataza kuolewa naye—

DADA: Miaka mitatu nimenyamaza, nimeumia. Tunakuja wawili au siji.

KAKA: Ngoja. [sauti za mbali] Haloo? Anauliza, elfu moja kumi na moja inagawanyika?

DADA: Kwa... kwa tatu. Safu tatu, kila moja viti mia tatu thelathini na saba. Haziingii uani hizo, najua. Mwambie basi, yaishe tu—

KAKA: Anatafuta kalamu.

DADA: Nini?

KAKA: Anaandika! Majina mawili! Salio linakata, anasema mje mapema—

DADA: Na hizo safu, kaka? Zitatoka getini!

KAKA: Anasema kinyozi afunge duka ke—