Mama Vitambaa na Kipaimara Chake cha Mwaka 1959

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vitambaa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Mwenyewe aliagiza wasifu huu usomwe wote bila kurukwa mstari. Anavyojulikana, tukiruka hatatusamehe.

Alisoma shule ya parokia hadi mwaka 1960, na katekisimu aliijua nje ndani. Enzi zile askofu alifika mara moja tu katika miaka minne. Watoto walihojiwa mbele ya watu, na aliyekwama alingoja miaka minne mingine. Yeye hakukwama.

Siku yake ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Juni 1959. Kila mtoto alifungwa kitambaa cheupe kwenye paji la uso, ili mafuta matakatifu yasiguswe hadi siku ya tatu. Bibi yetu, yule fundi cherehani, ndiye aliyevishona. Ibada ikiwa katikati, watoto wa kigango cha mbali wakafika bila kutarajiwa, vitambaa vikapungua sita. Mtoto wa fundi akatolewa kwenye mstari, akaambiwa akimbilie sakristia akakate vingine. Alikata, na kwa kuwa hakuvumilia kuona nguo inaning'inia nyuzi, akaanza kukunja pindo, kimoja kimoja. Pindo hizo ndizo zilizomponza. Aliporudi, askofu alikuwa ameshamaliza kuwapaka wenzake mafuta, ananawa mikono.

Mama mmoja ndiye aliyewasimamia wasichana wote, akiwawekea mkono begani kwa zamu, naye hakuhesabu. Jina lilishaandikwa daftarini tangu jana yake, na nyumbani wageni walishakaa. Basi binti akajifunga kitambaa chake kikavu, akatoka na wenzake. Walipolinganisha kofi dogo ambalo askofu alimpiga kila mmoja shavuni, alisema la kwake ndilo lililowasha kuliko yote.

Alirithi cherehani ya mama yake, akashona sare za shule tatu kwa miaka arobaini. Tarehe 20 Januari 1968 alifunga ndoa na baba yetu, seremala, mtu mpole ambaye hakuwahi kumaliza Salamu Maria bila kusahihishwa. Kuanzia mwaka 1971 alifundisha kipaimara, na akawasimamia wasichana mia moja na kumi na wanne. Alikuwa mkali, tuseme ukweli. Lakini kila alipoweka mkono begani kwa binti wa mtu, moyo ulimwenda mbio, maana msimamizi lazima awe amepata kipaimara, na yeye alijua hana. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016. Tarehe 2 Oktoba 2018, akiwa amelazwa, alimwita padre, akamweleza yote mbele ya mumewe na mdogo wake wa kike. Baba akasema, "Miaka hamsini unanisahihisha sala, kumbe!" Mama alicheka hadi akakohoa. Halafu akalia, akauliza, "Padre, wale wasichana nimewaharibia?"

"Hujamharibia hata mmoja," padre alimjibu. "Sakramenti haitoki kwenye mkono wa msimamizi. Aliyebaki ni wewe tu."

Akampa kipaimara pale pale kitandani. Mdogo wake, aliyepakwa mafuta siku ile ya mwaka 1959, ndiye aliyemwekea mkono begani. Padre aliposhika pamba amfute, mama alimzuia mkono.

"Yaache, Padre. Nimeyangoja sana."

Alifariki Jumamosi, tarehe 13 Oktoba 2018, saa nne asubuhi, wanawe wote wakiwa kando yake.

Ameacha mume, mdogo wake mmoja, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na wasichana wake mia moja na kumi na wanne, ambao wengi ni bibi za watu sasa. Hao wanaombwa wasimsumbue padre kwa maswali baada ya mazishi. Kipaimara chao ni halali. Na cha mama yetu pia. Bwana amlaze kwa amani.